Salamu Iliyokosa Jibu

Mwenye duka la mikate alinipa mgongo kabla sijafika kaunta. Simlaumu sana. Katika jiji la Brenavik kila mtu mzima huvaa miwani, na kabla miwani haijamwonyesha uso wangu ilikuwa imeshamwonyesha pete nyekundu iliyozunguka mabega yangu. Pete hiyo si yangu mimi Nakaniwa. Ni ya nchi yangu, nami nimeirithi kama mtoto anavyorithi pua ya babu.

Mtambo unaozigawa pete hizo unaitwa Mizani. Hukusanya kila taarifa ambayo taifa limewapa mataifa mengine, hupima ngapi zilikuwa za kweli, kisha humpaka kila msafiri rangi ya kwao. Kijani ni mwaminifu, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni mwongo. Walioubuni walisema utawakinga watu na matapeli. Hawakusema kwamba muuguzi wetu atakaa peke yake kwenye benchi la treni iliyojaa watu, wala kwamba mtoto wetu atatoka shule akimuuliza mama yake, sisi tuliiba nini?

"Naomba mkate wa shayiri," nikasema. Kikalimani kilichobanwa kwenye kola yangu kikayageuza maneno kuwa lugha yao.

"Imekwisha," akajibu yule mzee bila kugeuka. Mikate ya shayiri ilikuwa imepangwa mbele ya pua yake, inafuka mvuke.

Nikamtakia siku njema, nikaondoka na njaa yangu. Pale ubalozini nilikuwa mwambata wa sura ya taifa, cheo ambacho binamu zangu nyumbani hawakuchoka kukicheka. Walisema serikali imenipeleka ng'ambo kuipaka nchi poda. Siku hiyo, kwa hasira niliyokuwa nayo, ningeipaka hata masizi ilimradi nipate kipande cha mkate.

*

"Umenyimwa tena, Bi Nakaniwa?" Balozi Lwempisi aliniuliza nilipoingia ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kipara kinachong'aa.

"Nimenyimwa, mheshimiwa."

"Usijali, tuko wengi. Jana kinyozi kaniambia mkasi wake umeharibika. Nikamwambia, bwana, nitazame vizuri, mimi na mkasi wapi na wapi? Nilitaka kukaa tu mahali penye joto." Alicheka, halafu akaacha kucheka, akainuka kufunga mlango. "Sasa sikiliza. Msasa umefika."

Ili mtu auelewe Msasa, sharti kwanza ayaelewe mafuriko. Tangu hali ya hewa iharibike, dhoruba kubwa huvunjwa angani kabla hazijakomaa. Vituo vinavyofanya kazi hiyo vimeizunguka dunia, na kwa pamoja vinaitwa Mkufu. Kila kituo hupasha moto hewa ya juu ili kuikata dhoruba nguvu, kisha humwarifu mwenzake wa mbele: imekatika, au imeniponyoka, jiandae. Na kwa kuwa dunia ilikuwa imeshaumwa na takwimu za kughushi, mataifa yalikubaliana kwamba neno hilo litamkwe na binadamu, kwa sauti yake mwenyewe, mara moja kila zamu.

Kituo chetu kiko Mlima Ngwala. Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, mtumishi wetu aliulizwa hali, akajibu salama. Brenavik hawakuyafunga malango ya mifereji yao, na maji yakawakuta mezani wakinywa chai. Mamia walikufa. Serikali yetu ikatangaza kwamba mtumishi alipokuwa anajibu, hiyo dhoruba haikuwapo. Satelaiti za wenzetu zikaonyesha ilikuwapo, tena imetanda. Hapo ndipo tulipopakwa wekundu. Hatukupakwa kwa sababu ya mafuriko, tulipakwa kwa sababu ya ule uongo wa baadaye.

"Msasa unaisugua Mizani," Balozi alieleza. "Unabuni watu. Majirani, wagonjwa, wasafiri, kila mmoja na picha zake za harusi na ugomvi wake na mawifi. Watu hao wanasimulia wema wa raia wetu, na Mizani inawasadiki. Tumeujaribu kwenye mtaa mmoja tu, huo wenye duka lako la mikate. Kesho rudi ukanunue, uone."

"Na baada ya hapo?"

"Siku ya Kumbukumbu tumepewa nafasi ya kuzungumza. Tutawachezea kanda ya asubuhi ile."

"Kanda ipo?"

"Ya kweli ipo, imefungiwa, na haitusaidii. Msasa utatengeneza nyingine. Mtumishi wetu anatoa onyo palepale, mtambo wao unapuuza. Sauti itakuwa yake hasa, hata mkewe hataitilia shaka. Unahitaji vidole viwili tu kuuruhusu, changu na chako." Aliona ninavyomtazama. "Usinikunjie uso, Nakaniwa. Nina maelfu ya watu wetu huku. Wanawaogesha wazee wa watu, na wazee wenyewe hawataki kuwashika mkono. Mimi nataka wapate mkate, basi."

Alikuwa anasema kweli. Isitoshe, mtumishi yule wa Mlima Ngwala ni mjomba wangu Elinazi, aliyenilea tangu mama alipofariki. Balozi alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu aliongeza kwa sauti ya chini, "Hata mzee atasafishika."

*

Kesho yake yule muuza mikate alinitazama usoni. Nilijiona kwa miwani yangu kwenye kioo cha kabati lake: pete yangu ilikuwa njano, tena njano inayoelekea kuiva kijani.

"Ya shayiri ipo," alisema. "Bado ina moto." Akaufunga mkate kwenye karatasi, akanipa kwa mikono miwili, akaniambia anaitwa Joren.

Niliuma palepale mbele yake, bila haya. Mnyimwa akipewa hangoji sahani. Mkate ulikuwa mtamu, na utamu wa kutazamwa kama mtu ulikuwa mkubwa zaidi. Nikasema moyoni, kama huu ndio Msasa, na usugue.

"Nimesoma habari za muuguzi wenu," Joren alisema. "Yule aliyekuwa Mtaa wa Mfereji siku ya maji. Kumbe aliingia kwenye shule ya chekechea akabaki na wale watoto mpaka mwisho."

Niliacha kutafuna.

"Binti yangu Liv alikuwa mwalimu pale." Alikuwa anapangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza, je, alikufa akiwa peke yake na wale watoto? Hakuna aliyejua. Sasa najua alikuwa na mtu mzima mwenzake. Ukimfahamu ndugu yeyote wa muuguzi huyo, mwambie Joren anashukuru. Mwambie nalala sasa."

Hakukuwa na muuguzi. Tulikuwa tumeingia kwenye kaburi la mtoto wa mtu tukamwekea mwenzake wa karatasi, na baba yake akatushukuru kwa mkate wa moto. Nilimwambia asante, nikatoka, na ule mkate sikuweza kuumalizia.

*

Jumamosi mchana nilimpigia mjomba. Taswira yake ikasimama juu ya meza yangu, ameinamia beseni, anaosha tangawizi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo huko?"

"Sijambo. Za hapo?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri, tangawizi imekubali." Akatulia, anasugua tangawizi moja iliyokwisha kutakata.

"Ila nini, mjomba?"

Akacheka. "Ila mgongo. Wiki nzima siinuki. Na yule ng'ombe wa shangazi yako amekufa."

Ndivyo tulivyo. Ukimkuta mtu wa kwetu nyumba inaungua, atakuambia kwanza hajambo, atakuuliza watoto, ndipo akuombe ndoo. Nikamweleza habari za Msasa, za kanda na za Joren, zote, bila kuficha. Mikono yake ikabaki ndani ya maji.

"Mafunzo tulipewa, nisiseme uongo," alisema hatimaye. "Walituambia, hatari kwanza, salamu baadaye. Lakini zamani upande wa pili wa njia ya mawasiliano alikaa mama mmoja wa huko huko Brenavik. Sikuwahi kumwona, ila tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Nikisema salama halafu nikatulia, alikuwa ananijua. Ananiuliza, ila nini, mzee? Ndipo namwaga yote. Msiba huutupi mlangoni, mama. Unamwacha mtu akae kwanza."

"Na siku ile?"

"Walikuwa wamemwondoa, wameweka mtambo. Notisi nililetewa na niliisoma, hilo sisingizii mtu. Asubuhi ile nimeiona dhoruba ikitupita, moyo unanidunda, mtambo unaniuliza hali. Ulimi ukaenda ulikozoea. Nikasema salama, tunamshukuru Mungu, mmeamkaje huko? Nikangoja nijibiwe. Mtambo ukaandika salama, ukakata."

"Ukapiga tena."

"Nikapiga mpaka vidole vikafa ganzi. Njia haifunguki hadi zamu nyingine. Kila mlango nilioubisha waliniambia, mbona umeshasema salama?" Alitoa mikono majini, akaipangusa polepole. "Wakubwa wakaniamuru ninyamaze, wakasema la kusema watasema wao. Hapa kijijini siku hizi naitwa Mzee Salama. Watoto wananipungia mkono, hawajui hata maana yake. Nami nawapungia."

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. "Wanataka kukusafisha, mjomba. Ukikubali, hakuna atakayekuita hivyo tena."

"Kwa kumchafua nani?"

"Mafundi wa mtambo wa huku. Na hata waliokufa, kwa namna fulani."

"Hayo si maji ya kuogea. Kanda ya kweli unayo?"

"Nimepewa, ili Msasa ujifunze sauti yako."

"Basi wachezee hiyo. Na jina langu ulitaje. Isiwe mtumishi, mtumishi, kama vile nilikuwa ndoo ya ofisi."

"Watakuchukia."

"Sasa hivi wanachukia nchi nzima, hadi watoto ambao siku ile hawajazaliwa. Mzigo huo nikiubeba mimi mmoja, hata na mgongo huu, bado utakuwa umepungua."

*

Balozi alinisikiliza nikimweleza habari za Joren na binti yake na ombi la mjomba, huku akipangusa kipara kwa leso.

"Mizani haijui toba," alisema. "Ukikiri, itahesabu kwamba umethibitisha uongo wa kwanza. Tutashuka chini ya wekundu. Unajua kuna rangi gani chini ya wekundu?"

"Nyeusi."

"Nyeusi. Na watu wetu watakula nini?"

"Mheshimiwa, Joren anamshukuru muuguzi ambaye hayupo. Amesema analala sasa. Siku akigundua, hatatunyima mkate tu. Hatamwamini tena binadamu yeyote, na atakuwa na haki."

Aliinuka akaenda dirishani, akasimama huko hadi nikadhani amenisahau.

"Huyo binti yake alikuwa nani?"

"Mwalimu wa chekechea."

"Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla ya siasa kunipoteza," alisema. "Uzime huo Msasa. Wakinifukuza nitarudi kwetu, migomba haiulizi pete. Lakini tukikosea, Nakaniwa, tumekosea wawili. Usije ukajitia ushujaa wa peke yako."

*

Siku ya Kumbukumbu watu walijaa uwanja ulio kando ya mfereji. Joren alikaa safu ya mbele. Balozi alisimama nami jukwaani ingawa hakuwa na sababu ya kupanda.

Nilianza na lile lililoniumiza zaidi. Niliwaambia muuguzi wa Mtaa wa Mfereji hayupo na hakuwahi kuwapo, kwamba tulimbuni sisi. Nilimtazama Joren nikisema hivyo, kwa sababu kumwambia mtu jambo kama lile huku unatazama pembeni ni kumtukana mara ya pili. Hakutikisika. Kisha nikamtaja Elinazi, mjomba wangu. Nikaeleza kwamba alifundishwa na akasahau, na kwamba kwetu mtu huanza na salama, halafu hungoja kuulizwa, ila nini, kama alivyomuuliza kila mara mama mmoja wa Brenavik kabla hajaondolewa na mtambo kuwekwa. Nikawaambia serikali yetu iliyajua hayo ikasema uongo. Sikuwaomba watusamehe. Nilibonyeza kanda.

*Kituo cha Ngwala, toa hali.*

*Salama, tunamshukuru Mungu. Mmeamkaje huko?*

Kimya. Kimya kifupi tu, lakini pale uwanjani kilikuwa kirefu. Kisha mlio wa njia kufungwa, na sauti ya mjomba, kijana kidogo kuliko sasa, ikiongea na mtu asiyekuwapo: *Haloo? Jamani, imetuponyoka. Haloo? Fungeni malango. Mnanisikia huko?* Aliendelea hivyo mpaka kanda ikaisha.

Niliona watu wakigusa miwani yao, nikajua tumeshabadilika rangi. Mmoja akapaza sauti kwamba tuondoke. Wengine walikuwa wanalia. Joren aliinuka, akavaa kofia, akaondoka bila kugeuka nyuma, na mimi nikabaki nimeshika kipaza sauti kilichozimwa.

*

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Dereva wa basi alikataa kunipakia. Muuguzi wetu mmoja, Tabu Kizigha, alinijia ubalozini akiwa bado na sare ya kazi.

"Dada, ulichosema ni kweli, sikatai," aliniambia. "Ila kweli yenyewe umeilipia kwa mshahara wangu. Ungetuuliza kwanza."

Nilimwomba radhi, naye akakaa, tukanywa chai. Alipoondoka alisema mgonjwa wake mmoja, bibi kizee, amemwomba amfundishe ile salamu. Hakujua kama bibi huyo alikuwa anamdhihaki au la, lakini amemfundisha.

Wizara ilimwita Balozi nyumbani akajieleze. Alikuwa anapanga sanduku lake, akipiga mluzi wa uongo, alipoletewa ujumbe kutoka vituo viwili vya Mkufu. Mafundi wao walitaka kujua yule mama wa zamani alikuwa analiuliza vipi hasa swali lake baada ya kusikia salama, na kama mtambo unaweza kufundishwa kuliuliza. Balozi aliusoma, akaurudia, halafu akakaa juu ya sanduku.

"Pete bado nyeusi?" aliniuliza.

"Tititi, mheshimiwa."

"Lakini wanauliza."

"Wanauliza."

Tulikuwa bado tunatazamana pale mlinzi alipokuja kusema kuna mzee getini. Alikuwa Joren. Hakuleta mkate. Macho aliyafinya kidogo, na kwenye daraja la pua palikuwa na alama mbili nyekundu za mahali miwani ilipozoea kukaa.

"Nimeiacha nyumbani," alisema alipoona ninatazama. "Ilikuwa inanionyesha kivuli mahali pa mtu." Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi. "Kwa yule muuguzi nilikuchukia sana. Bado sijamaliza. Lakini ile kanda nimeisikiliza tena na tena, na kuna kitu hakinitoki. Yule mzee alituuliza tumeamkaje. Hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu mpaka leo."

"Hapana," nikasema. "Hakuna."

"Anapatikana?"

Nilipiga simu palepale. Mjomba akasimama mezani akiwa amevaa koti lake la kanisani, maana ilikuwa Jumapili. Alipomwona mgeni alivua kofia.

"Hujambo, mzee," Joren alisema kwa Kiswahili. Alikuwa amekifanyia mazoezi, ilisikika.

"Sijambo, bwana. Karibu." Mjomba aliiweka kofia pembeni. "Mmeamkaje huko?"

Kikalimani kikafanya kazi yake. Joren akajibu kwa lugha yake mwenyewe, neno baada ya neno.

"Siku ile tuliamka vizuri, tukashinda vibaya. Binti yangu Liv alikwenda shuleni, hakurudi. Alikuwa na nywele nyekundu na hakujua kupika. Na wewe, mzee? Wewe umeamkaje?"

Mjomba alifungua mdomo. Niliona anavyohangaika nao, na niliona unavyomshinda.

"Mimi salama," alisema. "Salama tu, tunamshukuru Mungu."

Akanyamaza. Nilitaka kumsaidia, nikataka kumweleza yule mgeni. Balozi akanishika mkono nisiseme neno. Joren alivuta kiti, akakaa mbele ya mjomba wangu, akaiweka kofia yake magotini, akangoja. Alingoja bila haraka, kama mtu aliyefunga duka kwa siku nzima.

"Ila nini, mzee?" akauliza.